Neno Ambalo Hedley Crabtree Hakulitamka

Jirani yangu Hedley Crabtree alifanya kazi ya kutia nguo rangi kwa miaka arobaini na mmoja, na kuna neno moja la kazi yake ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Hebu fikiria mpishi asiyetaja chumvi. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta robo karne nzima, na mimi si mtu wa kupitwa na neno, lakini sababu yake ilinipita mpaka karibu na mwisho.

Neno lenyewe ni dogo, herufi nne tu: “fast”. Shuleni Mombasa nilifundishwa kwamba maana yake ni haraka, kisha mwalimu akaongeza kuwa vilevile ni kufunga saumu, nami nikaandika daftarini nikadhani nimemaliza. Nilipofika hapa Aldersyke mwaka wa sabini na tatu, nesi mwenye cheti na majivuno yake, nikakuta kumbe najua robo tu. Siku ya pili Annis, mkewe Hedley, alikuja kunisaidia kufungua dirisha la jikoni. Akalisukuma, akalipiga ngumi, akalitukana, mwishowe akaniambia ni “fast”. Nikamkodolea macho. Dirisha nalo lina haraka gani? Kumbe anasema limekwama. Mtoto akilala fofofo, usingizi wake ni “fast”. Kitambaa kisichochuja, rangi yake ni “fast”. Mwanamke mwenye mambo mengi naye ni “fast”, na hiyo Annis alinieleza kwa kunitajia mtu tuliyemfahamu sote wawili, jina lake naliacha huko huko.

Hedley peke yake ndiye aliyelikwepa. Dirisha kwake limegoma. Mtoto amezama. Rangi imeshika. Nilidhani ni kituko chake tu, maana huku Yorkshire kila mtu ana kituko chake na anakitunza kama shamba la urithi.

Alikuwa mwanamume mfupi, kifua kipana, mikono yake imeiva rangi mpaka kwenye mikunjo ya vidole, buluu ambayo hata sabuni ya mawe haikuiweza. Mkimya, lakini si mkali. Aliniita “mpenzi” tangu siku ya kwanza, nami nikamjia juu: “Mpenzi wako nani, wewe? Mke wako yuko hapo mlangoni!” Annis akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Huku kila mtu ni mpenzi, hata konda wa basi anakuita mpenzi huku anakushusha kituo sicho. Basi nikazoea.

Sasa kuna mtu wa pili, naye nisimcheleweshe, maana habari hii ni yake kama ilivyo ya Hedley. Aliitwa Cecil Penfold. Mrefu, mwembamba, mtu wa kusini, wa Kent, na hata baada ya kukaa hapa miongo alizungumza kama jana ndiyo alishuka kwenye treni. Kila Jumamosi alipita sokoni na kikapu chake, na kila aliyemsemesha alijibiwa kwanza kwa swali: “Samahani, umesema nini?” Mwambie bei ya vitunguu, atauliza umesema nini. Msalimie, atauliza umesema nini. Na watu wa soko, wanaojiona wana utani, walikuwa wakimpigia kelele mgongoni: “Simama, Cecil! Simama!” Halafu wanacheka. Norris muuza samaki ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Nilimuuliza Annis wanamcheka nini. Uso wake ukabadilika.

“Yule ndiye aliyemuua ndugu yangu,” akasema.

Akanisimulia kama mji mzima ulivyoisimulia. Mwezi wa Februari mwaka wa hamsini na nane, katika kiwanda cha rangi kilichokuwa kando ya mto. Majora ya sufu yalishonwa ncha kwa ncha, yakawa kamba moja ndefu nene, ikizunguka juu ya gurudumu kubwa na kuzama tena katika birika la rangi inayochemka. Cecil alikuwa na wiki tatu tu kazini. Yeye ndiye aliyeshika mpini wa mashine: ukiusukuma mbele gurudumu linakwenda mbio, ukiuvuta nyuma linasimama. Irvin, ndugu yake Annis, alikuwa pembeni ya birika akiinyoosha nguo iliyojisokota, nguo ikamnasa mkono, ikampandisha. Hedley alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Akapiga kelele, “Simama!” Na Cecil badala ya kuuvuta mpini, akausukuma.

“Hedley alisema hivyo mbele ya hakimu wa vifo,” Annis akaniambia. “Alisema simama, simama, simama, mara tatu. Na lile jitu likaongeza mwendo. Ndugu yangu alikuwa na miaka ishirini na tisa, Rukia.”

Hawakumfunga Cecil. Hakimu alisema ni ajali, lakini akasema pia kwamba mtu asiyeweza kusikia amri ya kusimama hafai kukabidhiwa mashine, na maneno hayo yakachapwa gazetini. Kiwanda kikamfukuza. Akapata kazi ya kufagia bustani ya mji, akaifanya mpaka akastaafu. Mkewe alirudi kwao Kent baada ya mwaka mmoja. Yeye akabaki. Kwa nini alibaki, sikujua, nami kwa kweli sikuuliza. Nilimpenda Annis, na adui wa Annis alikuwa adui wangu. Hedley naye kila alipomwona Cecil mbele alivuka barabara, nikadhani ni chuki, tena nikaiona ni haki yake.

Annis alifariki mwaka wa tisini na nne, mwezi wa Mei. Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Tukabaki wajane wawili na ukuta katikati, na Hedley akaanza kula kwangu, kwanza Jumapili, kisha na siku nyingine. Ramadhani ndiyo alikuwa hakosi hata siku moja. Aligonga ukutani dakika kumi kabla ya magharibi, akaja na keki yake ya tangawizi iliyofungwa kwa karatasi, akaketi, akasubiri saa pamoja nami kama Mwislamu wa kuzaliwa, ilhali mchana ameshakula nyama ya nguruwe na mayai.

Mwaka wa tisini na nane Ramadhani iliangukia Januari. Siku za Januari huku ni fupi, jua likichomoza tu linatafuta pa kuzamia.

“Saumu gani hii, mpenzi?” Hedley akanitania. “Saa kumi unakula! Mimi nikiwa kiwandani nilikuwa nachelewa kula kuliko hivyo, na sikuahidiwa pepo.”

“Subiri iangukie Juni,” nikamwambia. “Nitakufungia mlango wewe na keki yako.”

Ilikuwa siku ya tisa ya mfungo. Nilikuwa nimekaanga sambusa, uji uko tayari, tende ziko kwenye kisahani. Zimebaki dakika tano, nami nikawa nazipitisha kwa maneno, maana tumbo lilikuwa linanguruma.

“Unajua,” nikamwambia, “lugha yenu na yetu kuna mahali zimenyonya ziwa moja. Ninyi mna hilo neno lenu, la haraka na la kukwama na la saumu. Sisi tuna kufunga. Nafunga mlango. Nafunga mzigo. Watu wanafunga ndoa. Wachezaji wanafunga bao. Mwizi anafungwa jela. Na mimi hapa nimefunga.”

“Neno moja?”

“Neno moja.”

Alikuwa ameshika kikombe. Akakitua.

“Na hajafa mtu?” akauliza.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ni mzaha. Kisha nikamtazama. Midomo yake ilikuwa myeupe.

“Sikusema simama,” akasema.

“Hukusema simama lini?”

“Siku ile ya Irvin. Nilisema lile jingine. Lile lako la saumu.”

Adhana ya redio ikaanza. Sikunyoosha mkono kwenye tende.

Akaniambia yote, macho yake mezani. Februari ile baridi ilikuwa kali, na baridi ikiingia katika nyumba ya rangi mvuke unakuwa mzito hata huoni mkono wako. Watu walifanya kazi kwa masikio. Cecil hakumwona Irvin, wala hakumwona Hedley. Alichokuwa nacho ni mpini na sauti. Hedley aliona mkono wa Irvin umenaswa, na kwa watu wa hapa mtu akinaswa, neno ni hilo, halina mwenziwe. Likamtoka lenyewe. Hakusema ‘mtu yuko hivyo’, wala hakutaja jina. Neno tupu.

“Nikalisema, gurudumu likaongeza mwendo,” Hedley akasema. “Nikalisema tena, likaongeza. Nikalisema mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, na likaongeza tena. Ndipo nikaelewa. Mara ya nne sikusema kitu.”

“Na Cecil…”

“Kwa Cecil lina maana moja, na ndiyo hiyo hiyo msimamizi aliyokuwa akimwambia wiki zote tatu. Ongeza, ongeza. Alifanya nilichomwambia.” Akafuta uso kwa kiganja cha buluu. “Juzi yake aliniuliza. Alinisikia nalitumia lile neno kwa nguo, akaniuliza, kwenu hiyo maana yake nini? Nikamcheka. Nikamwambia utajifunza, bwana mkubwa wa kusini.”

“Na mbele ya hakimu?”

“Annis alikaa benchi ya mbele na nguo nyeusi. Hakimu akaniuliza, ulimwambia nini mwenye mpini? Nikamtazama Annis. Nikasema, simama.” Akaisogeza keki yake pembeni. “Cecil aliapa kwamba alisikia lile neno. Hakimu akamuuliza, una hakika? Akasema ana hakika. Akamuuliza mara ya pili, akamwambia fikiri vizuri, bwana, mwenzako amekula kiapo. Cecil akanitazama. Halafu akasema, sina hakika tena.”

Kwetu husema njia ya mwongo fupi. Ya Hedley ilikuwa na urefu wa miaka arobaini, na ilipita sokoni kila Jumamosi. Akilini nilimwona Cecil na kikapu chake, samahani, umesema nini, samahani, umesema nini, na hasira zikanipanda hadi masikioni.

“Nyanyuka,” nikamwambia.

“Rukia, mpenzi…”

“Usiniite mpenzi! Mtu amepoteza kazi, amepoteza mke, anatukanwa na wauza samaki, nawe unavuka barabara? Nilidhani unamchukia!”

“Annis asingeweza…”

“Annis ana miaka karibu minne kaburini! Ni nani anayekuzuia sasa, ni mimi? Mficha uchi hazai, Hedley. Hiyo siri imekuzalia nini?”

Nikaichukua sahani yake, nikaiweka juu ya kabati mbele ya macho yake.

“Sahani yako iko pale,” nikasema. “Mimi sitamwambia mtu, siyo dhambi yangu niitembeze. Lakini hutakula futari yangu mpaka uwe umekwenda kwa Cecil.”

Akaondoka na keki yake mkononi. Mimi nikafungua kwa maji tu, chakula hakikupita.

Siku tatu hakugonga ukuta. Nilimsikia akikohoa, nikasikia redio yake ikisoma habari za hali ya hewa. Na mimi, kwa mazoea, nikawa nakaanga sambusa za watu wawili, nikizila zote kwa hasira, halafu tumbo linaniuma na nafsi inanisuta. Nani kanipa mimi uhakimu? Mzee wa miaka sabini na mbili, na nimemnyima chakula Mwezi Mtukufu. Nilikaribia kugonga mimi. Nilishasimama na kiatu mkononi. Kisha nikamkumbuka yule mrefu na kikapu chake, nikakivaa kiatu.

Siku ya nne, saa nane mchana, Hedley alikuja kwa mlango wa mbele, ule ambao huku hutumiwa na posta na jeneza. Amevaa koti la msibani na kofia.

“Nisindikize,” akasema. “Sitakiweza kile kilima peke yangu.”

“Kilima au neno?”

“Vyote viwili.”

Cecil aliishi kilimani, kupita kanisa, katika safu ya vyumba vya wazee, mlango wa mwisho. Alifungua, akaniona mimi kwanza, kisha akamwona aliye nyuma yangu.

“Crabtree,” akasema.

“Penfold.”

“Tumekuja kukuona kidogo, Bwana Penfold,” nikasema mimi.

“Samahani, umesema nini?”

Nikarudia. Akatukaribisha. Chumba kilikuwa safi mno, kiti kimoja cha mtu anayeishi peke yake, na kingine alikitoa chooni akakifuta kwa kitambaa. Hakuuliza tumefuata nini. Nadhani miaka ilikuwa imemfundisha kutouliza ila lile swali lake moja. Lakini alinikumbuka kuwa ni nesi, na hilo likamchangamsha. Akafungua mtoto wa meza, akanipa karatasi.

“Hii ya Novemba,” akasema. “Nisomee wewe, maana pengine mimi sisomi vizuri. Masikio wanasemaje?”

Nikaisoma. Ilikuwa ya kipimo cha masikio. “Mazima, Bwana Penfold. Kwa umri wako ni mazima kupita kiasi.”

“Samahani?”

“Mazima.”

“Ndivyo wanavyosema kila mwaka.” Akauvuta mtoto wa meza wote, nikaona bahasha zimepangwa, nyingine zimegeuka njano. “Thelathini na tisa. Kila mwaka naenda, kila mwaka wananiambia mazima. Basi ubovu hauko masikioni, uko ndani zaidi. Mtu aliambiwa simama, na mimi nikasikia ninachotaka.” Alisema kwa adabu tu, kama mtu anayemweleza nesi mahali panapouma. “Ndiyo maana sikuondoka mji huu. Nilitaka nikae penye watu wanaonijua, nisije nikamdhuru mtu asiyejua.”

Sikumtazama Hedley. Nilisikia kiti chake kikilia.

Cecil akakumbuka ugeni. Akaweka birika jikoni, nikamwambia mimi nimefunga, akauliza nimesema nini, nikarudia, akaitikia kwa heshima. Kisha akateremsha kopo la biskuti, la bati, la zamani, lina picha ya farasi. Akalishika mfuniko. Haukutoka. Akajaribu kwa kucha, kwa ncha ya kijiko.

“Nipe,” Hedley akasema.

Akalibana baina ya magoti. Mikono ile ya buluu iliyonyonga majora ya sufu miaka arobaini na mmoja, ikaupinda mfuniko huu na huu, na haukusogea. Mishipa ya shingo ikamsimama. Nikamwona amefungua mdomo aseme umegoma, kama alivyozoea. Hakusema umegoma.

“Ni ‘fast’,” akasema.

Alilitamka kifupi, kikavu, kama watu wa hapa wanavyolitamka, si kwa ule mvuto mrefu wa Kent. Cecil alikuwa ameshika buli. Akalirudisha mezani polepole.

“Umesema nini?”

Safari hii hakuanza na samahani.

“‘Fast’,” Hedley akasema. “Hili kopo. Na Irvin. Ndilo nililosema siku ile. Huku kwetu maana yake amenaswa.”

“Ulimwambia hakimu ulisema simama.”

“Nilidanganya.”

“Mara ngapi ulilisema?”

“Tatu.”

“Tatu,” Cecil akasema. “Niliusukuma mara tatu. Nilihesabu.” Akaketi kitandani. Kisha akasema, “Lipigie kelele. Kama ulivyolipiga.”

Hedley akalisema, sauti ya mtu aliye kanisani.

“Hapana. Siku ile mashine zilikuwa zinanguruma. Piga kelele, Crabtree.”

Hedley akasimama, kopo likamwanguka. Akavuta pumzi, akalipiga kelele lile neno mara tatu, kwa kifua chote, hata vioo vikatetemeka na jirani akagonga ukuta. Cecil alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na kila neno lilipotoka nikauona unasukuma mbele kidogo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Akafumbua macho.

“Nilisikia sawasawa,” akasema.

Akalia, mzee wa miaka sabini na minne, mdomo wazi kama mtoto, na mimi nililia naye, wala sioni haya kusema. Hedley hakulia. Alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea, na nadhani lau Cecil angempiga kofi angeshukuru. Mimi ningemwachia ampige.

“Kwa nini?” Cecil akauliza baadaye.

“Niliogopa.”

Nilingoja amtaje Annis. Hakumtaja. Kwa hilo nilimrudishia sehemu ndogo ya heshima niliyokuwa nimemvua.

“Siwezi kukusamehe,” Cecil akasema.

“Sikuja kuomba.”

“Umekuja kufanya nini basi?”

“Kulisema.”

Cecil akayakusanya magamba ya bati yaliyobanduka kopo lilipoanguka, akayaweka kiganjani, akayatazama. “Umenisemea mimi, na mimi nilikuwepo,” akasema. “Kalisemee sokoni.”

Basi Jumamosi Hedley alikwenda sokoni. Nilikuwepo, nimesimama karibu na banda la viazi na kikapu kitupu. Cecil alipoingia kwa lango la chini, Norris kama kawaida yake akajaza kifua: “Simama, Ce…” na Hedley akamkatiza. Hakupanda juu ya kitu, wala hakutafuta maneno. Alisema mbele ya meza ya samaki, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza maua, kwamba siku ya kifo cha Irvin Shackleton hakusema simama, akasema alichosema, akaeleza Cecil Penfold alisikia nini, na kwamba kiapo alichokula mbele ya hakimu kilikuwa cha uongo. Hapo hapo dada yake Annis, bibi wa miaka sabini, alikuwa kwenye foleni. Akamjia, akamtazama usoni kwa muda, akasema, “Ulikula mezani kwetu kila Krismasi,” akaondoka bila samaki. Mpaka Hedley anakufa, miaka miwili baadaye, wale wa ukoo wa Shackleton hawakumwamkia, na wengi mjini walifuata mkumbo. Hakulalamika hata siku moja. Jioni ile aligonga ukuta dakika kumi kabla ya magharibi, nikaiteremsha sahani yake kabatini.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la pale pale sokoni, baada ya Hedley kumaliza. Maji ya barafu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye meza ya samaki. Cecil akasogea na kikapu chake mpaka mbele ya Norris, akasimama zamu yake. Norris alikuwa amekuwa mwekundu hadi shingoni, ameinamia samaki, hathubutu kumtazama, na alipozungumza ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha kabisa, hata mimi niliyekuwa karibu niliona tu midomo inavyokwenda.

“Nikufungie vipande viwili, Bwana Penfold?”

“Viwili vinatosha,” Cecil akajibu, akafungua kikapu.